MWALIMU AANZAPO MWAKA WA PILI

1. Adui anayeingia kimya

Katika mwaka wake wa kwanza mwalimu hupigana na hofu. Hajui kama somo lake litatosha saa nzima. Hajui majina ya watoto. Usiku hukesha penye taa akiandaa daftari lake. Mwaka wa pili hofu hupungua, lakini adui mwingine huingia kimya, naye ni mazoea. Adui huyu ni mbaya kuliko yule wa kwanza, kwa sababu mwenye hofu hukesha, bali mwenye mazoea husinzia.

Na afikiriwe mwalimu wa Kifaransa wa darasa la saba, katika shule ya mashambani huko Kongo. Mwezi wa Septemba shule hufunguliwa, naye hulifunua daftari la mwaka uliopita. Somo la kwanza ni lile lile: sentensi na sehemu zake. Halafu huja vitenzi na nyakati zake, imla ya kila juma, insha fupi. Wanafunzi wake wa kwanza walipoingia hawakuweza kuandika sentensi kamili. Mwaka ulipokwisha, wengine waliweza kuandika barua kwa ndugu zao walio mbali. Sasa hao wamepanda darasa la nane, na mbele yake wameketi watoto wengine, wenye makosa yale yale aliyoyasahihisha mwaka mzima. Moyo wake wanung'unika: «Haya nimekwisha kuyafundisha!»

Ni kweli, amekwisha kuyafundisha. Lakini watoto hawa hawajapata kuyasikia. Hapo ndipo ilipo hatari yote. Mwalimu akifundisha kwa uchovu, mtoto hafikiri kwamba mwalimu amechoka. Hufikiri kwamba lugha yenyewe haina ladha, ama kwamba yeye mwenyewe ni mjinga. Basi huanza kukosa siku moja, halafu mbili, na mwisho hubaki shambani. Hivyo mtoto hupotewa na mwaka wake wa kwanza, kwa sababu mwalimu amechoshwa na mwaka wake wa pili.

2. Mwalimu wa lugha aliyekuwa mtakatifu

Ugonjwa huo ni wa zamani, na dawa yake iliandikwa na mtu aliyeijua kazi hiyo, Mtakatifu Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, unaoitwa leo Souk Ahras, katika nchi ya Aljeria. Mama yake, Mtakatifu Monika, alitaka awe mkristu. Akawekwa kati ya wakatekumeni tangu utoto, lakini ubatizo wake ukaahirishwa. Shuleni alionja fimbo za walimu, akakichukia Kigiriki alichofundishwa kwa vitisho. Kumbe Kilatini alikuwa amejifunza bila taabu, kati ya walezi waliombembeleza na kucheka naye. Alipokuwa mtu mzima alishuhudia kwamba hamu ya kujua humfundisha mtoto lugha vizuri kuliko woga.

Alipomaliza masomo alifundisha sarufi katika mji wake, kisha ufasaha wa kusema katika Kartago, na Roma, na tangu mwaka 384 katika Milano. Taabu za ualimu alizipata nyingi. Kartago wanafunzi wengine waliingia darasani kwa fujo. Roma waliweza kumhama mwalimu kwa pamoja ili wasimlipe. Milano alimsikiliza Askofu Ambrosi, na neema ya Mungu ikaushinda moyo wake. Mwaka 386 aliacha kazi yake ya kufundisha ufasaha, na usiku wa Paska wa mwaka 387 Ambrosi alimbatiza, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius. Alikuwa na umri wa miaka 32. Baadaye akawa askofu wa Hippo, akafa huko mwaka 430.

3. Shemasi aliyechoka

Karibu na mwaka 400, shemasi mmoja wa Kartago, jina lake Deogratias, alimwomba shauri. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu waliokuja mara ya kwanza kutaka ukristu. Alilalamika kwamba mara nyingi maneno yake yalikuwa marefu na baridi, hata yeye mwenyewe yalimchosha. Augustino hakumkemea. Alimtungia kitabu kizima juu ya kuwafundisha wanaoanza, akamkiri kwamba hata yeye karibu kila mara hakuridhika na maneno yake mwenyewe.

Kati ya sababu za uchovu huo aliitaja ile ya kurudia daima mambo madogo yanayojulikana. Dawa yake ni mapendo. Mwalimu na ajiunge na wasikilizaji wake kama ndugu, kama baba, kama mama. Mama hachoki kumwambia mtoto wake maneno mafupi ya kitoto, kwa kuwa furaha yake haimo katika maneno bali katika mtoto. Tena Augustino alitoa mfano wa mtu anayempeleka rafiki yake kuona mahali pazuri. Yeye mwenyewe amezoea kupapita bila kupatazama. Lakini akiiona furaha ya rafiki yake, macho yake hufunguka upya. Ndivyo ilivyo kwa mwenyeji wa Moba: hulipita ziwa Tanganika kila asubuhi bila kugeuza kichwa, lakini akimwonyesha mgeni kutoka bara, naye husimama akashangaa.

Augustino hakusahau mambo madogo. Msikilizaji akinyamaza tu, aulizwe kwa upole kama ameelewa, ama kama amekwisha kuyasikia hayo. Akichoka kwa kusimama, apewe kiti. Mwalimu amtazame mtu aliye mbele yake kabla ya kulitazama daftari.

4. Mkatekumeni naye ana mwaka wake wa pili

Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868 na kuwa askofu mkuu wa Kartago mwaka 1884, aliagiza kwamba watu waandaliwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Wengi walitembea njia hiyo ndefu kandokando ya ziwa Tanganika. Kila aliyeipita alijua kwamba mwanzo una joto, na kwamba katikati joto hupungua. Mkatekumeni husikia tena amri zile zile, sala zile zile, na shetani humnong'oneza: «Haya wayajua.»

Lakini kujua maneno si kuyashika. Bwana Yesu aliwatangulizia wanafunzi wake habari ya mateso yake mara tatu, wala hawakuelewa. Hakuwafukuza kwa kuchoka. Mkatekumeni anayesikia somo mara ya pili hulisikia na moyo mwingine, kwa maana mwaka umepita, na majaribu yamemwonyesha mahali alipo dhaifu. Na akiona mgeni anayejikwaa katika ishara ya msalaba, asimcheke. Aketi karibu naye, amfundishe polepole: atayapenda upya mambo aliyoanza kuyazoea.

MASWALI

1. Kwa nini mazoea ni adui mbaya kuliko hofu?
2. Mtoto hufikiri nini mwalimu wake akifundisha kwa uchovu?
3. Augustino alimpa shemasi Deogratias dawa gani?
4. Mkatekumeni wa mwaka wa pili aweza kumsaidia nani, na kwa namna gani?

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni achague mmoja aliyeingia mafundisho baada yake, amsaidie kujifunza sala moja mpaka aijue vema.

SALA

Ee Mungu, usiyechoka kutufundisha, uwape walimu na makatekista moyo mpya kila mwaka, na wanaofundishwa uwape masikio ya siku ya kwanza. Amina.