KUFUNUA USO KWA HAJA

Tumeulizwa na wenzetu wa Kibarani: yafaa mwanamke avaaye nikabu afunue uso apigwe picha ya kitambulisho? Twajibu: wanavyuoni wa Kishafii wameruhusu uso kutazamwa kwa haja, kama ushahidi na biashara, kwa kadiri ya haja hiyo, wala haipitwi. Na asiye na kitambulisho wala pasipoti hapa Kenya hasajiliwi kupiga kura.

Huko Kanada, Zunera Ishaq alikubali kumfunulia uso afisa mwanamke apate kutambulikana, akakataa kuufunua hadharani katika kiapo cha uraia. Mahakama zikampa haki mwaka 2015, akaapa na nikabu yake.

Basi ndugu zetu, tuwafundishe binti zetu: wasikose haki kwa ujinga, wala wasiache stara kwa hofu. Wallahu aalam.