KOZI FUPI YA JANUARI: PIGA HESABU YA SAA KABLA HUJALIPA ADA

Wapambanaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee kuhusu kurudi shule huku duka linaendelea.

Niko California, Marekani, nauza khanga na vikoi mtandaoni. Huku kuna vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, na hata mtu mzima mwenye biashara yake anajiunga. Vingi vina muhula mfupi wa majira ya baridi, mara nyingi wiki 5 au 6 kuanzia Januari.

Bei inavutia. Mkazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti, kwa hiyo kozi ya yuniti 3 ni dola 138, vitabu na ada ndogondogo pembeni. Tena oda za Krismasi zimeisha, simu imetulia. Unajiambia, "Wiki 6 tu, si kitu."

Hapo ndipo tuelewane: wiki zinapungua, kazi haipungui. Kwa kanuni za California, yuniti 1 ni angalau saa 48 za kusoma, darasani na nyumbani kwa pamoja. Yuniti 3 ni saa 144. Sasa gawanya:

👉 Muhula wa wiki 16: saa 9 kwa wiki
👉 Muhula wa wiki 6: saa 24 kwa wiki

Saa 24 ni siku 3 nzima za kazi! Mafua yakikulaza wiki moja, umekosa sehemu ya sita ya kozi.

Mimi nilichukua utangulizi wa uhasibu. Nilijipanga hivi:

✅ Kozi moja tu. Mbili ni saa 48 kwa wiki, duka litamhudumia nani?

✅ Kozi inayojibu swali la dukani. Nilitaka kujua kila bidhaa inaniachia nini mkononi. Nikafanyia mazoezi namba zangu mwenyewe, nikaona vikoi vinatoka haraka lakini ukitoa posta, faida iko kwenye khanga.

✅ Ratiba kwa wateja mapema. Niliwatangazia kuwa mizigo inatoka Jumanne na Ijumaa tu. Wateja wawili wakaenda kwingine. Iliniuma, ila msimamo ukabaki ule ule.

✅ Tarehe ya kujitoa. Kwenye kozi fupi, haki ya kurudishiwa ada inaisha asilimia 10 ya kozi ikipita. Kwa wiki 6 ni kama siku 4. Ukisema "ngoja nione wiki ya pili", hela imeshaenda.

✅ Mzigo wa Valentine. Wiki za mwisho za kozi zinaangukia karibu na 14 Februari. Picha na maelezo ya bidhaa niliyamaliza kabla darasa halijaanza.

Na wewe uliye Dar, Mombasa au Kampala, hesabu ni hiyo hiyo kwa kozi fupi yoyote. Uliza jumla ya saa, gawanya kwa wiki, kisha weka pembeni ya ratiba ya oda zako. Zikikaa pamoja, lipa. Zikigombana, chukua kozi ndefu, saa 9 kwa wiki nayo ni shule.

Wiki yako ina saa ngapi zilizo wazi kweli? Tuandikie hapo chini 👇