Vitwitwi Wawili wa Lambo Letu

Hapa Maganzo, tangu Agosti hadi Aprili, kando ya malambo huonekana ndege wadogo wakidonoadonoa matopeni. Watu huwaita wote vitwitwi, wakidhani ni aina moja. Sivyo. Leo napenda kueleza habari za wawili wanaofanana sana. Wataalamu humwita mmoja Actitis hypoleucos, na wa pili Tringa glareola. Lakini hapa nitawaita Mtikisamkia na Madoa. Kila mmoja ana urefu wa kama sentimita 20.

Kwanza, mtazame akiwa amesimama. Mtikisamkia ana mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, na weupe huo hupanda mbele ya bawa karibu na bega. Hatulii kamwe, mkia wake hupanda na kushuka. Madoa ana vidoa vyeupe vingi mgongoni, mstari mweupe juu ya jicho, na miguu mirefu zaidi, ya manjano iliyofifia.

Pili, mtazame akiruka. Mtikisamkia hupita chini chini juu ya maji, na mstari mweupe huonekana bawani. Madoa hupaa juu akilia; bawa lake halina mstari, bali kiunoni ni mweupe.

Tatu, angalia mahali. Mtikisamkia hupenda mawe na kingo za maji. Madoa hupenda matope laini yenye majani.

Ndege hawa hawakuzaliwa kwetu. Hutaga mayai, kwa kawaida manne, huko Ulaya na Asia: Mtikisamkia kando ya mito na maziwa, Madoa katika vinamasi vya kaskazini, kama vile vya Finland na Urusi. Baridi ikikaribia huja Afrika.

Nilipokuwa mdogo nilimpiga mmoja kwa manati. Nilipomwokota niliona vidoa vyeupe mgongoni, lakini sikujua maana yake. Nyama yake haikutosha hata tonge moja. Sasa najua kuwa alikuwa Madoa, naye alikuwa amesafiri maelfu ya kilomita, akavuka bahari na jangwa salama, akaja kufa kwa jiwe langu.

Basi, wadogo zangu, mwendapo lamboni kuteka maji au kunywesha ng'ombe, acheni manati nyumbani. Chukueni daftari na penseli, mkaandike ni yupi mliyemwona.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne