Rangi ya Jua: Kwa Nini Wengine Huitafuta na Wengine Huikimbia?



Ukiteremka kutoka Sumbawanga hadi Kasanga au Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, huenda siku moja ukawakuta wageni kutoka Ulaya wamelala mchangani saa saba mchana. Hujigeuza ubavu huu na ubavu ule kama dagaa walioanikwa. Hawaumwi wala hawakukosa kivuli. Wanaota jua kwa makusudi, ili warudi kwao wakiwa na rangi ya shaba.

Saa hiyo hiyo, sokoni Sumbawanga, binti yetu anapita amejifunika mwavuli ingawa hakuna mvua. Ndani ya mkoba wake mna kikopo cha mkorogo. Yeye anataka kuwa mweupe.

Vijana huuliza: "Mzungu anatafuta weusi na sisi tunatafuta weupe. Nani amekosea?" Ni swali zuri, na kulijibu kunaweza kuokoa ngozi, figo, na hata maisha. Basi tulichunguze pamoja hatua kwa hatua.

1. NGOZI HUBADILIKAJE RANGI?

Katika ngozi ya kila binadamu kuna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Mtu mweusi na mtu mweupe wana idadi ya seli hizo inayokaribiana. Tofauti ni kiasi na aina ya melanini inayotengenezwa. Melanini hufanya kazi ya mwavuli: hukifunika kiini cha seli kisiharibiwe na jua.

Jua hutoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni, iitwayo urujuanimno. Mionzi hiyo ikiingia katika ngozi hujeruhi viini vya seli. Ngozi ikiona imejeruhiwa hujitetea: kwa muda wa siku kadhaa huongeza melanini, na mtu huonekana ameiva. Kwa hiyo ile rangi ya shaba anayoitamani mgeni wa Kipili ni dalili kwamba ngozi yake imekwisha umia. Na mwavuli anaoupata kwa njia hiyo ni mwembamba sana.

Tusilitukane jua, lakini. Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, ambayo mifupa huihitaji. Lakini kwa kazi hiyo jua tunalolipata tukitembea na kufanya shughuli zetu za kila siku linatosha. Hakuna haja ya kujianika.

2. ZAMANI ULAYA WALILIKIMBIA JUA

Wengi wetu tunadhani Wazungu walipenda kuota jua tangu zamani. Sivyo. Kwa karne nyingi mkulima wa Ulaya alishinda shambani na uso wake ukawa mwekundu na mweusi kwa jua. Mwenye mali alikaa ndani. Kwa hiyo weupe ulikuwa alama ya utajiri. Mabibi wa ukoo mkubwa walivaa glavu na shela na kuchukua miavuli. Wengine walijipaka usoni unga mweupe uliotengenezwa kwa risasi, yaani madini yale yale ya risasi ambayo ni sumu. Huo ndio uliokuwa mkorogo wao.

Hata Wamisionari wa Afrika, tuliowaita Mapadri Weupe, walipofika Karema mwaka 1885, Wazungu katika Afrika waliliogopa jua mno. Walivaa kofia ngumu na nguo za mikono mirefu. Kama mmoja wao angemwona mjukuu wa ndugu yake akilala uchi wa mgongo ufukweni saa saba mchana, angedhani ameshikwa na homa ya kichwa.

3. MAMBO YALIVYOGEUKA

Mabadiliko yalianza na viwanda. Katika karne ya 19 mamilioni ya watu wa Ulaya waliacha mashamba wakaingia viwandani na migodini. Miji ikafunikwa na moshi. Sasa maskini ndiye aliyekuwa mweupe, kwa sababu hakuliona jua. Watoto wengi walipata matege kwa kukosa vitamini D.

Ndipo waganga wakaanza kulisifu jua. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka huo huo Dakta Auguste Rollier alifungua huko Leysin, katika milima ya Uswisi, nyumba ya kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu kwa kuwalaza juani. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba taa ya urujuanimno huponya matege. Watu wakaanza kuona kwamba aliyeiva kwa jua ndiye mwenye afya.

Baada ya afya ikaja mitindo. Katika miaka ya 1920 matajiri walianza kwenda pwani ya kusini ya Ufaransa wakati wa joto. Coco Chanel, mbunifu wa mavazi aliyeigwa na wengi, alionekana ameiva kwa jua, na wanawake wengi wakatamani rangi hiyo. Mwaka 1936 sheria ya Ufaransa iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Baadaye ndege zikawa rahisi, na hata karani au mfanyakazi wa kiwandani aliweza kwenda kuota jua katika nchi ya mbali.

Jibu la sehemu ya kwanza ya swali letu ndilo hilo. Mtu anayerudi kazini London wakati wa baridi akiwa na uso wa shaba hana haja ya kusema lolote. Uso wake unasema: "Nina fedha, nina nafasi, nimetoka likizo." Tuangalie vizuri: rangi hiyo ndiyo ile ile ya mkulima aliyedharauliwa zamani. Ngozi haikubadilika. Kilichobadilika ni habari ambayo watu waliisoma juu ya ngozi.

4. NA SISI JE?

Kwetu Ufipa wengi wetu tunaishi kwa jembe. Tunalima mahindi, maharagwe, ulezi na alizeti, na jua hutupiga tangu asubuhi. Uso uliokolea jua husema: "Huyu ametoka shambani." Anayekaa ofisini, dukani au ndani ya gari hukaa kivulini. Tena tulipita miaka mingi ya utawala wa kikoloni ambapo mwenye ngozi nyeupe ndiye aliyekuwa na amri. Basi si ajabu kwamba weupe ukageuka kuwa cheti cha maisha mazuri, hata watu wakasema juu ya mchumba, "ni mweupe," kana kwamba wamekwisha taja tabia yake.

Kwa hiyo mgeni wa ufukweni na binti wa sokoni hawapingani. Wanakimbia njia mbili, lakini wanatafuta kitu kimoja: kuonekana wamefanikiwa. Na wote wawili wanalipa kwa ngozi zao.

5. GHARAMA YAKE

Anayejianika hupata mikunjo mapema, na hatari ya saratani ya ngozi huongezeka. Australia, ambako watu wengi wenye asili ya Ulaya wanaishi chini ya jua kali, ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa saratani hiyo. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka mashine za umeme za kuivisha ngozi katika kundi la juu la visababishi vya saratani, kundi lile lile la tumbaku. Mwaka huo huo Brazili ilizipiga marufuku.

Na mkorogo? Mara nyingi huwa na moja au zaidi ya sumu hizi tatu:

(a) Zebaki. Ndiyo ile ile wanayoitumia wachimbaji wadogo kunasa dhahabu huko Mpanda na Chunya. Huizuia ngozi kutengeneza melanini, lakini huingia mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito humpitishia mtoto tumboni. Hata mtoto anayebebwa tu, au anayetumia taulo moja na mama yake, huweza kuipata.

(b) Haidrokwinoni. Mwaka 1939 waganga wa Marekani walieleza habari za wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama waliopata mabaka meupe mikononi. Sababu ilikuwa glavu za mpira zilizotiwa kemikali ya jamii hiyo. Jambo lililokuwa ajali kwa wale, leo linauzwa kama urembo. Ikitumiwa muda mrefu, huweza kuuachia uso madoa ya rangi ya buluu na nyeusi ambayo ni vigumu sana kuyaondoa.

(c) Dawa za jamii ya steroidi, kama klobetasoli na betamethazoni. Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi zikitolewa na mganga. Zikipakwa kila siku kwa ajili ya rangi, huikondesha ngozi, huleta michirizi, chunusi na fangasi, na huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Mama mwenye ngozi ya namna hiyo akihitaji kufanyiwa operesheni wakati wa kujifungua, kidonda chake huweza kuchelewa kupona. Hapo ndipo familia hujua bei halisi ya kile kikopo.

Isitoshe, viungo vya vidole havikubali kwa urahisi kubadilika, ndiyo maana watani husema "uso Fanta, miguu Coca-Cola." Tusiwacheke. Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba rangi yake ni kasoro anahitaji msaada, siyo mzaha.

6. JUA LA UFIPA NI LA PEKEE

Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya bahari, yaani karibu mita 1,000 juu ya Ziwa Tanganyika. Kila ukipanda mita 1,000, urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kwa hiyo, mbingu ikiwa safi, shamba la Sumbawanga hupigwa na mionzi mikali kuliko ufukwe wa Kasanga, ingawa Kasanga kuna joto na Sumbawanga tunavaa sweta. Baridi na upepo wa mwezi wa sita hutudanganya: joto halipo, lakini mionzi ipo.

Melanini yetu ndiyo inayotukinga. Anayeifuta kwa mkorogo, kisha akaenda kupalilia, amevunja mwavuli wake mwenyewe katikati ya mvua. Ndugu zetu wenye ualbino wanaijua hatari hiyo vizuri, maana wamezaliwa na melanini kidogo sana au bila melanini. Wengi wao hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana wasipokingwa. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga na jua.

Hata hivyo ngozi nyeusi si ngao kamili. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia katika kidole cha mguu. Saratani ya namna hiyo haitokani na jua, na kwa watu weusi hupenda kutokea kwenye nyayo na chini ya kucha. Macho nayo hayana melanini ya kutosha kuyalinda: jua kali la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho.

7. TUFANYE NINI?

– Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Huku kwetu magharibi ya nchi kivuli huwa kifupi kabisa karibu na saa saba mchana. Palilia asubuhi na jioni ukiweza.

– Vaa kofia pana na mikono mirefu. Kwa mtoto mwenye ualbino hili ni la lazima, na mwalimu amruhusu kuvaa kofia shuleni na kukaa mbali na dirisha lenye jua.

– Usinunue mafuta yasiyo na lebo, wala yaliyochanganywa na muuzaji. Kama maelezo yanasema usiyaguse ukiwa umevaa pete au mkufu wa dhahabu au fedha, yashuku, maana zebaki hushambulia dhahabu. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS.

– Kama umetumia mkorogo muda mrefu, usione haya. Nenda kituo cha afya na kikopo chako. Usiache ghafla peke yako, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka na kuvimba.

– Doa linalokua, linalobadilika rangi, au kidonda kisichopona mwezi mzima, lionyeshe kwa mganga. Chunguza na nyayo.

– Ukitaka uso unaong'aa, anzia jikoni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, waliwapa watu picha za nyuso za Wazungu wazibadilishe rangi mpaka zionekane zenye afya. Walichagua rangi inayotokana na kula mboga na matunda kuliko rangi ya jua. Sisi tunayo maboga, mboga za majani, karoti, maembe, na mawese.

Basi tumjibu kijana wetu: wote wawili wamekosea, lakini kosa lao si la ajabu. Wamesoma habari iliyoandikwa na watu wengine juu ya ngozi, wakaiamini. Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Ngozi yenye afya, iwe nyeusi tii au maji ya kunde, haihitaji kutembezwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumba yetu tunawaambia nini watoto kuhusu rangi zao? Nani husifiwa, na kwa maneno gani?
2. Je, tunamfahamu jirani anayetumia mkorogo? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?
3. Watoto wenye ualbino katika kijiji chetu wana kofia na nguo za mikono mirefu? Kama hawana, nani atashughulikia?