SOMO: HOSPITALI KUAJIRI MADAKTARI KATIKA MAJIMBO YA MAREKANI

Msomaji aliyezoea kumwona daktari wa hospitali akiwa mwajiriwa kama watumishi wengine huenda akashangaa kusikia kwamba yapo majimbo ya Marekani ambayo sheria zake huikataza hospitali kumwajiri daktari. Kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, somo hili linaeleza asili ya katazo hilo na namna lilivyolegezwa.

1. Asili ya katazo
Nchini Marekani leseni ya utabibu hutolewa na jimbo, wala si Serikali Kuu. Hupewa mtu aliyesoma na kufaulu mitihani. Kampuni haiwezi kuipata. Kwa hoja hiyo, kampuni inayomwajiri daktari na kupokea ada ya kazi yake huhesabiwa kuwa inatibu bila ya leseni. Fikra hii ilipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 20, pale kampuni za reli, migodi na magogo zilipowaajiri madaktari kwa ajili ya wafanyakazi wao. Khofu ilikuwa kwamba daktari atamtazama mwajiri kabla ya mgonjwa.

2. Mchele mmoja, mapishi mbali mbali
(a) California: Sheria inatamka kuwa makampuni hayana haki za taaluma ya utabibu. Hivyo hospitali nyingi huingia mikataba na vikundi vinavyomilikiwa na madaktari wenyewe. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria iliyoruhusu baadhi ya hospitali ndogo za vijijini kuajiri, kwa sharti la kutoingilia uamuzi wa daktari.

(b) Texas: Sheria ya mwaka 2011 iliruhusu hospitali za vijijini, zikiwemo zilizo katika wilaya zenye watu 50,000 au pungufu, kuajiri madaktari kwa sharti kama hilo.

(c) Illinois: Daktari mmoja aliacha kazi katika hospitali iliyomwajiri, akajiunga na kliniki ya jirani, ilhali mkataba wake ulimzuia. Alidai kuwa mkataba ni batili kwa kuwa hospitali haina haki ya kuajiri daktari. Mahakama za chini zilimkubalia. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Jimbo ilitengua hukumu hizo, ikieleza kuwa hospitali yenye leseni imekwisha ruhusiwa na sheria kutoa matibabu, hivyo yaweza kuajiri madaktari.

3. Sababu ya kulegeza
Vijijini wagonjwa ni wachache, na daktari kijana hawezi kubeba peke yake gharama za kufungua kliniki. Hospitali isiyoweza kumwahidi mshahara humkosa, na mgonjwa husafiri mbali kutafuta tiba.

4. Jambo la kuzingatia
Majimbo yaliyolegeza katazo hayakuiacha khofu ya awali. Yameigeuza kuwa sharti. Mwajiri hupanga zamu, mshahara na vifaa. Uchunguzi, dawa na upasuaji hubakia katika uamuzi wa daktari, kwani leseni ni yake na ndiye atakayeulizwa. Mgonjwa naye ana haki ya kujua kwamba aliyemwandikia dawa amezingatia maradhi yake, si hesabu za ofisi.