Kujenga Ndege ya Mfano: Somo la Skeli kwa Shule za Sekondari

Watoto wa Sigino, katika mji wa Babati, mkoani Manyara, kama watoto wa sehemu nyingine nyingi za nchi yetu, huanza ufundi kabla ya kuanza shule. Hutengeneza magari ya waya na ndege za mabua ya mahindi. Waingiapo shule ya sekondari huviacha vitu hivyo, kwa kuwa huhesabiwa kuwa ni michezo ya kitoto. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mchezo huo, ukiongezewa rula, penseli na mizani, ni somo kamili la hisabati na fizikia.

Katika nchi za viwanda wako watu wazima wengi ambao burudani yao ni kuunda modeli za ndege. Wengi wao hununua seti iliyo tayari ndani ya sanduku: vipande vya plastiki, gundi, rangi na maelezo ya namna ya kuviunganisha. Seti za namna hiyo zilienea sana tangu miaka ya 1950. Humfundisha mtu subira na usafi wa kazi, lakini hesabu zote zimekwisha kufanywa na kiwanda. Mwanafunzi asiye na sanduku hilo hulazimika kuzifanya hesabu hizo mwenyewe, na humo ndimo lilimo somo.

Modeli katika historia ya urukaji

Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo yenye mabawa ya sentimita 45 na uzito wa gramu 16. Rafadha yake ilizungushwa na mpira uliosokotwa. Ndege hiyo ilikwenda karibu mita 40 kwa sekunde 11. Mwaka 1878, huko Marekani, mzee Milton Wright aliwaletea wanawe Wilbur na Orville kitu cha kuchezea kilichoruka kwa mpira wa namna hiyo hiyo. Vijana hao walipokuwa watu wazima hawakuacha kutumia vitu vidogo: mwaka 1901 walipima mabawa madogo yapatayo 200 ndani ya sanduku la upepo walilolitengeneza wenyewe. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao iliyobeba mtu iliruka kwa mara ya kwanza, ikaenda mita 37 hivi kwa sekunde 12. Msomaji ataona kwamba safari hiyo mashuhuri ilikuwa fupi kuliko ile ya ndege ya Pénaud. Kazi ya modeli ilitangulia, kazi ya ndege kamili ikafuata.

Skeli ni nini?

Skeli ni uwiano kati ya kipimo cha modeli na kipimo cha kitu chenyewe. Mwanafunzi ameizoea skeli katika ramani. Skeli ya 1/72, inayotumiwa sana katika modeli za ndege, ilitokana na vipimo vya Kiingereza: inchi 1 ya modeli husimama badala ya futi 6, yaani inchi 72. Sisi tunaotumia mita twaweza kuchagua skeli iliyo rahisi kwa hesabu, kama 1/20.

Tuchukue mfano wa Cessna 206, ndege ndogo yenye injini moja ambayo hutumiwa sana katika safari za kaskazini mwa Tanzania. Vipimo vyake, kwa makadirio ya karibu, na vile vya modeli ya 1/20, ni hivi:

Mabawa, ncha hadi ncha: mita 10.97, modeli sentimita 54.9.
Urefu wa ndege: mita 8.61, modeli sentimita 43.1.
Kimo: mita 2.83, modeli sentimita 14.2.
Eneo la mabawa: mita za mraba 16.2, modeli sentimita za mraba 405.
Uzito wa juu wa kurukia: kilo 1,633, modeli gramu 204.

Urefu umegawanywa kwa 20. Eneo limegawanywa kwa 20 × 20, yaani 400. Uzito, ambao hufuata ujazo, umegawanywa kwa 20 × 20 × 20, yaani 8,000. Kanuni hii ilielezwa na Galileo katika kitabu alichokitoa mwaka 1638: kitu kikikua, uzito wake hukua upesi kuliko eneo lake.

Sasa tugawanye uzito kwa eneo la mabawa. Katika ndege kamili kila mita ya mraba ya bawa hubeba kilo 101 hivi. Katika modeli kila mita ya mraba ingebeba kilo 5 tu. Kwa kuwa kani ya kunyanyua hukua kwa mraba wa mwendo, modeli yahitaji mwendo uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani 4.5 hivi. Ndege kamili ikihitaji kilomita 100 kwa saa ili isianguke, hesabu hii yaipa modeli kilomita 22 kwa saa.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika. Hewa ina mnato, na mnato huo hukisumbua zaidi kitu kidogo kinachokwenda polepole. Modeli yetu ni ndogo mara 20 na mwendo wake ni mdogo mara 4.5, kwa hiyo ile namba ya Reynolds, ambayo wahandisi hupimia jambo hili, ni ndogo karibu mara 90. Bawa dogo hunyanyua vibaya kuliko bawa kubwa la umbo lile lile. Hivyo modeli yenye uzito wa gramu 204 itataka mwendo mkubwa kuliko tulivyokadiria. Dawa yake ni wepesi: mjenzi ajitahidi kupata gramu 80 au pungufu. Modeli iliyo sahihi kwa sura si lazima iwe sahihi kwa tabia.

Vifaa na ujenzi

Wajenzi wa nchi nyingine hutumia balsa, mti mwepesi wa Amerika ya Kusini. Sisi tunao mkonge. Ule mlingoti unaochipuka katikati ya mmea wakati wa kutoa maua, ukikauka vizuri, ni mwepesi na hukatika kwa kisu kikali. Bua la mahindi nalo lafaa: moyo wake una wepesi, na ganda lake lina nguvu. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi kwamba ndege za kisasa zimefuata njia hiyo hiyo, kwani sehemu kubwa ya nguvu zake imo katika ganda la nje.

Kwanza chora ndege kwa ukubwa wa modeli, kutoka juu, ubavuni na mbele. Kata vipande juu ya mchoro huo, uvisugue kwa msasa, kisha uviunganishe kwa gundi kidogo. Gundi nyingi ni uzito wa bure. Funika mabawa kwa karatasi nyepesi. Pima uzito wa kila sehemu na kuuandika kabla ya kuunganisha.

Kusawazisha na kupima

Inua modeli kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikiinamia mkia, ongeza udongo wa mfinyanzi puani mpaka ilale sawa. Kisha irushe taratibu asubuhi, kabla upepo haujaanza. Ikipanda ghafula na kuanguka, ongeza udongo kidogo. Ikichomeka chini, punguza. Irushe mara 10 kutoka kimo kile kile, upime umbali wa kila mara na kutafuta wastani.

Wanafunzi wa Sigino wanalo pia jambo la pekee la kuchunguza. Babati iko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na hapo densiti ya hewa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko pwani. Modeli ile ile yahitaji mwendo zaidi kwa asilimia 7 hivi ili ibebwe na hewa hiyo. Ikiwa matokeo yao yatatofautiana na ya shule ya Tanga, wasidhani kwamba wamekosea kabla ya kulifikiria jambo hili.

Mazoezi

1. Mabawa ya Fokker F27, ndege iliyowahi kutumiwa na Shirika la Ndege la Tanzania, ni mita 29.0. Tafuta urefu wake katika skeli ya 1/72.
2. Modeli ilirushwa kutoka kimo cha mita 1.8 ikatua umbali wa mita 9.9. Ilisonga mbele mita ngapi kwa kila mita iliyoshuka?
3. Cessna 206 ikijengwa kwa skeli ya 1/10, kila mita ya mraba ya bawa itabeba kilo ngapi? Linganisha na skeli ya 1/20, kisha eleza ni modeli ipi itakayohitaji mwendo mkubwa zaidi.

Majibu: (1) sentimita 40.3, (2) mita 5.5, (3) kilo 10.1 hivi, ile ya 1/10, kwa sababu bawa lake hubeba mzigo mkubwa mara mbili.