MAZINGATIO KATIKA MILIMA YA DODOMA NA KONDOA

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu wanafunzi, katika Surat al-Ghashiya, aya ya 17 hadi ya 20, tunaelekezwa kumtazama ngamia, mbingu, milima na ardhi. Ngamia kwetu ni nadra, lakini milima tunaiona kila siku. Tuitazame basi kwa mazingatio.

1. Mawe na pimbi
Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Vilima vyake vingi ni vya mawe ya matale, ambayo joto, baridi na maji huyapasua kidogo kidogo kwa miaka mingi. Katika nyufa kama hizo huishi pimbi. Kimo chake ni kama cha sungura, lakini wataalamu wanasema jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva! Nyayo zake ni laini na zina unyevu, ndiyo maana hatelezi juu ya jiwe.

2. Mbuyu
Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Mbuyu huweka maji katika shina lake, na kiangazi hupukutisha majani ili maji yasipotee. Maua yake hufunguka jioni, na popo huyachavusha usiku. Bila popo, ubuyu ungepungua.

3. Michoro ya Kolo
Wilayani Kondoa kuna michoro ya kale kwenye miamba, yenye picha za watu na wanyama. UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Inaharibika watu wanapoandika majina yao juu yake, au kuimwagia maji ili ing'are.

4. Ardhi iliyojeruhiwa
Huko huko Kondoa, ukataji miti na mifugo mingi viliacha makorongo makubwa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Jambo hilo lilikuwa zito kwa familia zilizotegemea ng'ombe kwa maziwa, mbolea na mahari. Hata hivyo nyasi na miti vilirudi, na baadaye wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache zizini. Hapa tunajifunza kuwa kuharibu ni rahisi, bali kutengeneza kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na watoto wa waliokata.

Ndugu zangu, ardhi ni amana. Katika hadithi aliyoipokea Anas bin Malik (R.A.), waliyoitoa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, hiyo ni sadaka kwake. Basi tukienda ziara tusimpige pimbi mawe, tusiandike kwenye miamba, tusiache taka. Na msimu wa mvua ukianza, kila nyumba ipande angalau mti mmoja na kuumwagilia kiangazi chote.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini mbuyu hupukutisha majani kiangazi?
2. Mifugo iliondolewa Kondoa mwaka gani, na kwa sababu gani?
3. Waulize wazee nyumbani: ni miti gani iliyokuwapo mtaani kwenu ambayo leo haipo?

Wabillahi tawfiq.